Bega Langu Lilipohamia Sikioni

Kitu cha kwanza nilichonyang'anywa ni ushungi. Mkono wa kulia ulifika kifuani ukagoma, kama punda aliyeona dimbwi, na mimi nikabaki mbele ya kioo, mtandio umening'inia upande mmoja kama nguo iliyosahauliwa kambani. Basi kama wewe unayesoma haya unavishwa na watu, unafungwa vifungo na mkwe wako huku umeutazama ukuta ili msitazamane, jua kwamba nakuandikia wewe. Jina langu Rukia. Mjukuu wangu wa kwanza ameshaota ndevu. Shule niliiacha darasa la nne, na udaktari sikuusomea. Ninachokijua ni hili bega langu, lilivyokuwa kutoka jua la kaskazi mpaka baridi ya kusi.

Niliumia nikicheza. Cheka kwanza, nakungoja.

Shuleni kwa Nasra, mjukuu wangu mdogo, kulikuwa na siku ya michezo, na mwalimu akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kina bibi watavutana kamba na kina mama. Kina mama walikuja na raba nyeupe na chupa zao za maji. Sisi tulikunja mabuibui tukayachomeka kiunoni. Mimi nikawekwa mwisho kabisa, kwa sababu ndimi mzito, na ile kamba nikajizungushia mkononi isije ikaniponyoka. Tukavuta. Nikasikia begani kitu kinachanika, sauti kama ya fundi cherehani akipasua kitambaa cha marekani, lakini sikuachia. Na nataka hili lijulikane kabla ya mengine yote: tulishinda.

"Bibi, mumewaangusha wote!" Nasra alikuwa anaruka.

"Tumewaangusha. Sasa nishikie mkoba, mkono huu hausikii."

Hospitali wakapiga picha. Mfupa mzima, kilichochanika ni mshipa, na haukukatika wote. Nikaambiwa sitapasuliwa, nitafungwa mkono shingoni kwa kitambaa, kisha nitafanya mazoezi. Mwanangu Fuad, baba yake Nasra, hakunirudisha kwangu Mji wa Kale hata kuchukua mswaki. Alinipitiliza moja kwa moja kwake Ganjoni, ghorofa ya tatu, lifti hakuna.

"Mpaka upone kabisa, Mama," akasema.

Mimi ni mjane, nakaa peke yangu, na nyumba yangu naijua kwa giza. Ganjoni sikujua hata swichi ya taa iko wapi. Ramadhani ikaingia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki jikoni kwa watu, mkono kifuani, namtazama Lulu, mke wa Fuad, akikaanga viazi vya karai, vile vya kuchovya kwenye unga. Lulu ni mtoto mwema, ananiogesha bila kukunja uso. Lakini unga wa viazi vyake ni mzito kama lipu ya ukuta, na mimi sikujaaliwa kunyamaza.

"Ongeza maji, mwanangu."

"Nimeongeza, Mama."

"Basi ongeza tena."

Aliweka kijiko chini, akaenda chumbani, akafunga mlango. Viazi vikaungua. Jioni hiyo tulifuturu tende na uji. Ugonjwa wa mtu mmoja hulala na nyumba nzima. Hilo sikulijua mpaka nilipokuwa mimi ndiye mgonjwa.

Baada ya Idi Fuad akanijia na habari zake. Nyumba iliyofungwa huharibika, akasema. Kuna bwana mmoja wa Kizingo anaitaka, aipake rangi, awe analaza wageni, watalii wa siku mbili tatu.

"Na mimi?"

"Wewe uko hapa, Mama. Kwani hapa una dhiki gani?" Akaona uso wangu. "Basi, tungoje Maulidi. Ukiwa umepona kabisa, nakurudisha mwenyewe. Ukiwa bado, nampa yule bwana."

Utasema nyumba ni yako, ungekataa. Nyumba ni yangu, ndiyo. Lakini mtu asiyeweza kujivisha gauni hushindana vipi na mtu anayemkatia nyama sahanini? Nikasema haya. Kuanzia siku hiyo sikuwa naombea bega. Nilikuwa naombea mlango wangu.

Kitambaa kilipotolewa shingoni, mkono ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine, na haukwenda popote. Kwenye sala, nikinuia kuinua mikono miwili, wa kushoto unafika sikioni na wa kulia umekwama tumboni. Nilichuliwa na Bi mmoja wa mtaani kwetu, mafuta ya nazi na karafuu, nikapata usingizi. Dua nilisomewa, na dua siiweki kwenye mizani na vitu vingine, hiyo ni baina yangu na Mola wangu. Kisha hospitali ikanituma kwa mtu wa mazoezi ya viungo, kliniki ndogo ya ghorofani huko Makadara.

Nilipoingia nikadhani nimekosea mlango. Benchi zima vijana wa mpira, kaptura fupi, magoti nje, barafu imefungwa kwenye mifuko ya nailoni inawadondokea miguuni. Feni inazunguka kwa kulalamika. Nikakaa katikati yao na buibui langu. Aliyekuwa karibu yangu alikuwa golikipa, jina lake Kassim, na gotini amebandikwa utepe wa buluu, umepinda kama barabara.

"N'nini hiyo, mwanangu?"

"Plasta ya wachezaji, Bibi. Mwambie akuwekee ya buluu. Nyekundu yapasha moto, nyeusi ya urembo tu. Ya buluu ndiyo yenye nguvu. Mimi siingii langoni bila ya buluu." Akanitazama. "Wewe wacheza nini?"

"Kamba."

Benchi lote likacheka. Nikawaeleza, wakaacha kucheka, mmoja akanipa mkono wa kushoto kwa heshima. Tangu siku hiyo nikawa mchezaji mwenzao, na nafasi yangu kwenye benchi ikawa ya chini ya feni.

Mtu mwenyewe wa mazoezi alikuwa binti wa Kikamba, Mueni, mikono yake midogo na migumu kama ya fundi viatu. "Karibu, shosho," akasema, wanavyomwita bibi huko bara.

"Hapa hakuna shosho. Mimi ni Bi Rukia. Ukipenda, niite Mama."

"Karibu, Mama."

Akanipinda, akaninyosha, nikamwita majina ambayo sitayaandika. Mwisho nikamwambia nataka plasta, na nataka ya buluu. Akatabasamu, akaikata, akanibandika kutoka shingoni ikashuka mpaka juu ya kiwiko. Ilikuwa baridi na ilinivuta ngozi kama mtu amenishika bega taratibu. Nikainua mkono. Ukapanda mpaka usawa wa macho. Nililia pale pale, na Mueni akanipa karatasi ya kufutia mashine nijifutie uso.

Wiki hizo, wallahi, nilikuwa mtu. Nilijichania nywele za mbele. Nilimwambia Lulu aniachie sufuria niioshe. Mueni alisema plasta ibanduliwe baada ya siku tatu au nne, lakini mimi niliyezaliwa zamani situpi dawa ambayo bado ina kazi. Niliiacha mpaka ikaota ndevu pembeni. Mvua za masika zikaanza, chini yake ngozi ikawasha, nikasema dawa inaingia. Na nilipobandikwa mpya, ile kuukuu sikuitupa. Shoga yangu Bi Zuwena, jirani yangu wa Mji wa Kale, alikuwa akija kunitazama, na kila akija alipumzika kwenye kila ghorofa, goti linamla. Nikamkatia kipande cha plasta yangu. Gundi ilikuwa imekwisha, tukaishikiza na plasta za vidonda. Juma lililofuata Bi Zuwena akapanda ngazi zote bila kusimama, akaingia na kelele.

"Rukia! Goti limenyamaza! Hiyo dawa yatoka wapi, Ujerumani?"

Siku ya zamu yangu nikampelekea Mueni habari hizo kama mtu anayepeleka zawadi. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mama, ile haina dawa."

"Haina vipi?"

"Ni kitambaa na gundi. Hakuna dawa ndani."

Nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha pili, nikasikia sauti ya Kassim. "Hata ya buluu?"

"Hata ya buluu. Rangi ni rangi tu."

Kassim tena, kwa uchungu: "Sista, Jumapili tuna mechi. Ungeninyamazia basi!"

Tukacheka wote. Lakini niliporudi Ganjoni nikatandika mswala nisali adhuhuri, nikanuia, na mkono wa kulia ukakwama tumboni. Kama mwanzo. Nikajaribu tena, ukauma kuliko siku za kitambaa cha shingoni. Asubuhi ya siku ile ile ulikuwa umefika machoni. Hakuna kilichochanika, hakuna aliyeuvuta, sikuanguka. Nilichofanya ni kuambiwa neno.

Na ngozi nayo ikapasuka malengelenge mahali plasta ilipokuwa, kwa ujuaji wangu. Mueni akasema hakuna plasta tena.

Masika yale yalikuwa marefu. Nguo hazikauki, kuta za ghorofa zinatoa jasho, na mimi nimerudi kwenye kiti cha plastiki. Fuad alinitazama nikishindwa kufungua chupa ya chai, akanifungulia. Kesho yake nikamsikia kwenye simu akimwambia yule bwana wa Kizingo aende akaitazame nyumba, aanze kupiga hesabu ya rangi. Nilikwenda kliniki na hasira zangu zote, na nikamshushia Mueni.

"Kwa nini ulisema? Ungenyamaza ungekufa? Mtu akipona kwa kitambaa, kitambaa kinakuuma nini?"

"Uliniuliza, Mama."

"Ningeuliza mara mia, wewe ungesema ni dawa."

Alikuwa anafuta kitanda. "Siku ile mkono wako ulifika machoni," akasema. "Plasta ilikuwa kitambaa siku ile pia. Sasa nani aliyeuinua?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mwenye kazi."

"Mimi sikuuinua."

Akanisimamisha mbele ya kioo kirefu, akaniambia nifumbe macho. "Bega lako la kulia liko wapi?"

"Liko mahali pake. Swali gani hilo?"

"Liko juu au chini?"

"Chini. Limelala."

"Fumbua."

Nikafumbua. Bega langu la kulia lilikuwa limepanda, limegusa sikio. Nilisimama kama mtu anayebeba simu kwa shingo. Nilikuwa sina habari. Miezi yote ile nimejikunja kama anayengoja kupigwa, na nikaona ndiyo kusimama sawa. Na kitu kingine: pumzi nilikuwa nimeizuia. Nilipoitoa, bega likashuka lenyewe kidogo, na nikausikia mkono wangu ukiwa mzito, wangu, kwa mara ya kwanza tangu kamba.

"Plasta ilikuwa inakuvuta ngozi," Mueni akasema. "Kila ikikuvuta, ulikuwa unakumbuka bega, unalishusha. Na ulikuwa huogopi. Basi."

Mimi sitaki kujifanya naelewa yote. Nilirudi nyumbani nikifikiri: nahitaji kitu cha kunikumbusha, kisichoniwasha, na ambacho sitakuja kuambiwa na mtu kwamba si dawa, kwa sababu nakijua mwenyewe tangu mwanzo. Nikamwita Nasra.

"Unajua kuchora hina?"

"Najua, Bibi. Nikuchore mikono?"

"Nichore bega. Mstari mmoja, kutoka shingoni mpaka hapa. Maua sitaki."

Akaniangalia kama nimeingiwa na shetani. Lulu, ambaye alikuwa mlangoni, akaja karibu. Tangu viazi vile tulikuwa hatuongei ila la lazima. "Mama," akasema, "kuna posa sisi hatujaambiwa?"

Mjane wa umri wangu, hina ya bega, si kitu cha kawaida kwetu. Nilitaka kumjibu kwa ukali, kikanitoka kicheko. Naye akacheka, akachukua ile koni ya hina mkononi mwa Nasra. "Nasra atapinda mstari. Kaa hivi, Mama. Lishushe bega, nitachoraje limekaa sikioni?" Yeye ameliona muda wote. Yeye ndiye aliyekuwa akiniogesha.

Bi Zuwena alipoiona akapiga vigelegele ngazini majirani wakatoka. "Mzee gani huyo, Rukia? Ana meno?"

Nikaona heri nimwambie ukweli wa ile plasta, nisimfiche mwenzangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika goti lake kwa kanga. "Wewe na daktari wako mna wivu," akasema. "Goti langu laniambia mimi, haliwaambii nyinyi." Na ngazi anazipanda mpaka leo. Sijui kati yetu wawili nani mwenye akili.

Mueni naye alipouona mstari akaupitisha kidole. "Hii ina dawa, Mama?"

"Haina. Ni majani na ndimu."

"Haya. Inua."

Nikatoa pumzi, nikalishusha bega, nikainua. Haukupanda siku ile. Ulipanda polepole, kwa kusi nzima. Hina ikififia Lulu aliichora upya, na kila akichora tuliongea: mara viazi, mara Fuad alivyokuwa mkaidi utotoni. Siku moja hina ikafutika, tukasahau wote wawili, na ni baada ya siku nyingi ndipo nilipogundua kwamba nalishusha bega bila mstari.

Wenzangu mnaoumwa, nitawaambia machache. Msigawane plasta, mimi nilibahatika na Zuwena hakuota malengelenge. Msiache vidonge vya daktari kwa sababu bibi mmoja wa Mombasa alichorwa hina. Kama kuna kitu kilikusaidia, kisha ukaambiwa hakikuwa kitu, usione haya na usijiite mjinga: nafuu ilikuwa ya kweli, ulilala kweli, ulichana nywele kweli. Na kabla ya kuusukuma mwili, uulize uko wapi. Simama mbele ya kioo. Utashangaa ulichokibeba.

Sasa la mwisho. Mkono wangu ulipanda mpaka juu kidogo ya kipaji cha uso, ukasimama. Nilimuuliza Mueni waziwazi, na safari hii niliutaka ukweli. Akasema huenda utazidi kidogo, huenda utabaki hapo. Ndiyo ulivyobaki.

Siku chache kabla ya Maulidi nilimwambia Fuad anipeleke Mji wa Kale, nitazame nyumba. Sikumwambia kwamba nimemwita fundi seremala. Tulimkuta mlangoni na msumeno wake. Ndani mlikuwa na harufu ya unyevu na vumbi, na nilitaka kuubusu ukuta.

"Fundi wa nini, Mama?" Fuad akauliza.

"Wa jikoni."

"Mama, tulisemaje? Tulisema upone kabisa. Inua mkono nione."

Nikainua. Akatikisa kichwa. "Hujapona. Hapo ni nusu. Rafu zako zote ziko juu ya hapo, utapanda kiti, utaanguka, nani atakusikia?"

"Sitapanda kiti. Rafu zitashuka."

"Kupona kabisa..."

"Hakuna kupona kabisa, Fuad. Mimi sikuwa kabisa hata kabla ya kamba. Nimepona mpaka hapa, na hapa napajua."

Seremala alikuwa kati yetu na penseli sikioni, anatazama chini kama mtu aliyeingia kwenye ugomvi wa watu. "Nipige wapi, Bi?"

Nikausogelea ukuta wa jikoni yangu. Nikafumba macho, nikatoa pumzi, nikaliacha bega likae, kisha nikauinua mkono mpaka uliposimama wenyewe. Nikagusa chokaa.

"Hapa."

"Nyosha kidogo, Mama," Fuad akasema, sauti imelegea. "Bado wafika juu zaidi, nauona."

"Wafika nikijikunja. Sijikunji tena. Fundi, weka alama."

Akaweka. Fuad aliitazama ile alama, akanitazama mimi, kisha akakunja mikono ya shati, akaanza kuteremsha vyungu kutoka rafu ya juu, kimoja kimoja.